Njia Isikatwe: Juu ya Reli ya Zamani na Sanduku la Barua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Mansfield, Texas)



Awali ya yote naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Nawashukuru pia wenyeji wetu wa Mansfield, ambao tangu Alhamisi wanaruka magodoro sakafuni ili wafike jikoni mwao wenyewe. Wapo miongoni mwetu waliokuja kwa gari kutoka Houston, wapo waliovuka bahari kutoka London na Maskati, na wapo wawili waliotoka nyumbani Tanga. Kukutana kwetu si jambo dogo.

Kamati imeniomba nizungumze juu ya safari ya baiskeli niliyoifanya mwezi wa Machi mwaka huu, pamoja na mtoto wa kaka yangu na binti yake wa miaka kumi na miwili, tukifuata njia ya reli ya zamani kutafuta sanduku la barua. Nimekubali kwa furaha, ila natangulia kusema kwamba ninayo haja yangu. Katika ajenda ya kesho, kipengele cha sita, lipo pendekezo la Mweka Hazina kwamba ukoo uache kulipia sanduku letu la posta la Korogwe. Nitakayoyasema leo yanahusu kipengele hicho, nami naomba mnisikilize hadi mwisho.

Kwanza, neno juu ya mji huu uliotupokea. Jina lake limetokana na watu wawili, R. S. Man na Julian Feild, waliojenga hapa kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu ya mvuke, muda mfupi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Marekani mwaka 1861. Majina yao yakaunganishwa yakawa Mansfeild, herufi e ikitangulia i. Lakini watu waliendelea kuandika kama walivyozoea, hata herufi zikapinduka, na hivi ndivyo tunavyolisoma leo. Sisi ambao jina la babu yetu limeandikwa kwa namna nne katika pasipoti za nchi nne tunalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Jina lisipoandikwa na wenyewe, huandikwa na wengine wapendavyo.

Sasa niueleze mchezo wenyewe, maana wazee wameniuliza tangu jana ni sanduku gani hilo linalotafutwa porini. Asili yake ni Uingereza, katika nyika ya Dartmoor. Mwaka 1854 mwongoza wageni mmoja aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali pa mbali panapoitwa Cranmere Pool, ili anayefika huko kwa miguu aache kadi yake kuonyesha kwamba alifika. Baadaye desturi ikakua. Mtembezi aliacha barua au kadi iliyokwisha kuandikwa anwani, na mtembezi aliyefuata, ambaye hakumjua kabisa, aliichukua na kuitia posta. Ndiyo sababu mchezo unaitwa kwa jina la sanduku la barua. Hapa Marekani ulienea baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998.

Siku hizi barua hazimo tena. Ndani ya sanduku, ambalo aghalabu ni kopo la plastiki lisiloingia maji, mna daftari na muhuri wa mpira uliochongwa kwa mkono. Anayelitafuta huja na daftari lake na muhuri wake. Akilipata, hupiga muhuri wake katika daftari la sandukuni, na muhuri wa sandukuni katika daftari lake, akaandika tarehe, kisha hulificha palepale alipolikuta. Hakuna zawadi wala mshindi. Kinachobaki ni ushahidi kwamba fulani alipita hapa, akamwachia nafasi atakayefuata.

Wazee wetu hawatauona mchezo huu kuwa mgeni. Ni nani kati yenu ambaye hakuwahi kupeleka barua ya mtu asiyemjua? Bahasha zetu ziliandikwa "kwa mkono wa" fulani, zikapewa dereva wa basi au mpishi wa gari moshi, nazo zilifika.

Tulitoka hapa Mansfield alfajiri, baiskeli tatu zikiwa zimefungwa nyuma ya gari. Tulipita Fort Worth, tukaelekea magharibi hadi Weatherford, na huko ndiko ilikoanzia njia yetu. Inakwenda maili 20, yaani kama kilomita 32, hadi mji wa Mineral Wells. Reli iliyokuwa hapo ilianza kazi mwaka 1891, ikichukua watu waliokwenda kunywa maji ya visima yaliyosifiwa kuponya maradhi. Kisima kimojawapo kilisemekana kumponya mwanamke mwenye wazimu, na mpaka leo maji ya mji ule huuzwa kwa jina la Maji ya Wazimu. Mwaka 1929 ikafunguliwa hapo hoteli ya ghorofa 14. Walakini barabara za lami zikaja, watu wakaacha visima, hoteli ikafungwa mwaka 1972, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 reli nayo ikakoma. Mwezi wa Juni 1998 njia ile ikafunguliwa upya, safari hii kwa waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa farasi.

Ndugu zangu, mimi si kijana, na magoti yangu mnayajua. Hata hivyo nilikwenda bila taabu kubwa, na sababu yake inastahili kuelezwa. Gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo waliojenga njia walikata vilima na kujaza mabonde, ili mwinuko uwe mdogo siku zote. Mataruma na vyuma vimeondolewa, lakini tuta lingalipo, madaraja yangalipo, na ulaini ule ungalipo. Kazi ngumu ilikwisha kufanywa na watu waliokufa zamani, majina yao hayakuandikwa popote, nasi tulipita juu ya migongo yao tukisikia kokoto tu chini ya magurudumu. Pande zote mbili palikuwa na mipungate, ng'ombe wakitutazama, na yale maua ya buluu ambayo ni ua la jimbo hili.

Nilipokuwa nikienda nilimkumbuka babu. Wengi wenu mnamjua kwa picha tu, amevaa kofia na ameshika nyundo. Babu alikuwa mtu wa gengi la njia huko Korogwe, wakati wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kukaza misumari, kubadilisha mataruma na kung'oa majani. Reli ile ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Babu hakuijenga. Aliikuta, akaitunza, akaiacha. Nasi tumesomeshwa kwa mshahara wa kutunza njia iliyojengwa na wengine.

Katikati ya safari tulipumzika katika kijiji cha Garner. Nina habari ya huko kwa wajomba wanaocheza dhumna barazani usiku kucha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1887 wavulana wawili wa kijiji kile walichapwa na wazazi wao kwa kucheza karata, kwa kuwa karata zilihesabiwa kuwa dhambi. Dhumna hazikukatazwa. Basi wakakaa wakabuni mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili, wenye ujanja wote wa karata lakini unaochezwa kwa dhumna. Unaitwa "42", na mwaka 2011 ulitangazwa kuwa mchezo rasmi wa dhumna wa jimbo la Texas. Nimeitaja habari hii kwa sababu tunalalamika mara nyingi kwamba watoto wetu hawafanyi mambo kama tulivyoyafanya sisi. Mtoto akikosa karata, hutafuta dhumna. Tuangalie anachokitafuta, badala ya kutazama chombo anachokitumia.

Maelekezo ya sanduku tuliyaelewa kwa msaada wa yule binti. Yalisema tuvuke daraja fulani, tuhesabu hatua, tutafute mti wenye mashina mawili, kisha tutazame chini ya mawe upande usiopata jua. Alihesabu hatua, akakosa, akarudi darajani akahesabu tena kwa hatua ndefu zaidi, za mtu mzima. Mara ya pili akainua jiwe, na sanduku likawapo.

Ndani ya daftari mlikuwa na mihuri ya watu waliotangulia: kobe, nyota, kiatu, chungu. Hakuna aliyeandika jina lake halisi. Baba yake akamwambia atoe muhuri wake. Mimi nilikuwa sijauona. Alikuwa ameuchonga mwenyewe katika kifutio kikubwa, kwa kisu kidogo, na kwa kuwa muhuri huchongwa kinyume ili usomeke sawasawa ukipigwa, alikwisha haribu vifutio viwili kabla ya kuupata. Akaupaka wino, akaukandamiza. Palitokea neno Korogwe, na juu yake herufi S.L.P., na namba ya sanduku letu.

Namba hiyo sitaitaja hapa, maana kila mmoja wetu anaijua kuliko namba yake ya simu. Babu alilikodi sanduku lile baada ya uhuru, kwa sababu nyumbani kwetu barua haiji mlangoni. Huja posta, nawe huifuata. Katika sanduku lile moja zilipita barua za nyumba kumi na moja. Matokeo ya mitihani yalifika humo. Barua za kuitwa kazini, za posa na za msiba zilifika humo. Binti yule aliiona namba katika bahasha za zamani zilizomo ndani ya sanduku la bati la bibi yake, akadhani ndiyo nembo ya ukoo. Hakukosea.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake, ambacho hukanyaga ngeli kama mtu apitaye gizani: "Bibi, nikiandika barua kwa hii namba, nani atafungua?"

Nikamjibu kwamba ufunguo uko kwa mama yetu mdogo, aliyebaki Korogwe. Akasema, "Basi nitaandika."

Aliandika mistari minne. Aliandika jina lake, jina la baba yake, na swali moja: babu alikuwa na ndugu wangapi? Barua ilikaa njiani wiki tano. Jibu lilikaa karibu wiki sita. Lilikuwa kurasa mbili, mwandiko wa kalamu ya risasi, wa mtu ambaye macho yamechoka lakini kumbukumbu haijachoka. Sisi sote tulihesabu ndugu sita wa babu. Mama mdogo aliwataja saba.

Huyo wa saba ni dada yake babu aliyeolewa Voi, na mfanyakazi wa reli pia. Zamani kulikuwa na reli kutoka Voi hadi Kahe, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuungana na ile ya Tanga na Moshi. Kwa njia hiyo shangazi yule alikuja kwao kila mwaka akiwa na watoto wake. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulipofunguliwa mwaka 1983, babu alikuwa amekwisha kufariki, na hakuna aliyeandika tena. Watu hawakugombana. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Njia ilikatwa miaka sita tu, na tawi zima la ukoo likatupotea kwa zaidi ya miaka arobaini. Ndugu zetu wa Mombasa wameanza kuulizia Voi, na nawaomba walio na habari yoyote wanione baada ya chakula.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaeleza jambo nililojifunza juu ya njia za reli. Mtandao wa reli wa Marekani ulifikia kilele chake mwaka 1916, ukiwa na zaidi ya maili 250,000, kisha ukaanza kupungua. Mara nyingi kampuni ya reli haikuwa na ardhi yenyewe, bali haki ya kupita katika mashamba ya watu. Treni ikikoma, kila kipande hurudi kwa mwenye shamba. Mmoja hujenga ghala, mwingine hupanda mahindi. Baada ya hapo hata serikali yenye fedha haiwezi kuiunganisha tena kwa urahisi. Ndiyo maana mwaka 1983 Bunge la nchi hii lilipitisha sheria kwamba njia isiyotumika yaweza kukabidhiwa mji au shirika iwe njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, ikibaki nzima, kwa sharti kwamba treni ikihitajika siku moja, itarudi. Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha sheria hiyo mwaka 1990. Leo nchi hii ina zaidi ya maili 25,000 za njia zilizokuwa za reli.

Kwetu tumeona hali zote mbili. Reli ya kusini, iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa, na hairudi. Reli yetu ya Tanga na Moshi ilipata bahati nyingine. Treni za abiria zilikoma, majani yakaota katikati ya mataruma, watoto wakazaliwa na kukua bila kusikia honi. Lakini njia haikugawanywa. Kwa hiyo mwezi wa Desemba 2019 treni ya abiria ilipita tena kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Ilitosha kufyeka na kukarabati, kwa kuwa tuta lilikuwapo.

Ndugu Mweka Hazina ni mtu mwaminifu, na hoja zake ni za kweli. Barua zinazofika Korogwe kwa mwaka mzima hazijai kiganja. Tuna simu, tuna kundi letu la WhatsApp, na ada inakuja kila mwaka. Sipingi hata neno moja. Naomba tu tupime na upande wa pili. Katika miaka kumi iliyopita, namba za simu za nusu ya watu walio katika ukumbi huu zimebadilika. Namba ya sanduku haijabadilika tangu babu alipoikodi. Mama mdogo hana simu ya kupokea picha, na hatuna mwingine anayejua aliyoyaandika katika zile kurasa mbili. Tena tukiliacha sanduku, halitatungoja. Litapewa mtu mwingine, ambaye ana haki nalo, na barua ya mtu wa Voi, ikiwa yupo anayeikumbuka namba ile, itafika kwake.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Kwanza, sanduku liendelee kulipiwa, na nyumba zetu zipokezane, kila moja mwaka wake. Ada hiyo haifikii gharama ya chakula cha jioni cha familia moja hapa Texas. Pili, ufunguo wa pili upewe kijana mmoja aliyeko Korogwe, amsaidie mama mdogo kwenda posta, na amwandikie yale atakayomtajia. Tatu, kila nyumba ichonge muhuri wake, na tuwe na daftari moja la ukoo litakalosafiri kutoka nyumba hadi nyumba, kila mmoja akipiga muhuri, akiandika tarehe na majina ya waliozaliwa na waliofariki, kwa herufi zilizo sahihi. Nne, kila mtoto wetu aliyetimiza miaka kumi aandike barua moja kwa mwaka kwa Kiswahili, hata kama ni mistari minne, hata kama ngeli zitaanguka. Ngeli zitainuka mtoto akijibiwa.

Sisemi kwamba siku za babu zitarudi. Huenda watoto wetu wasipitishe mizigo mizito juu ya njia hii kama tulivyopitisha sisi. Huenda wakapita kwa baiskeli tu, wakitafuta kopo chini ya mawe. Na wapite. Kinachotupasa ni kuhakikisha kwamba hakuna kipande kilichouzwa katikati. Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtoto hawezi kuiacha asili ambayo hakuonyeshwa njia ya kuifikia.

Muhuri wa binti yule uko mezani mlangoni pamoja na pedi ya wino na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ameuacha wazi kwa ajili ya wazee. Naomba kila mmoja wenu asitoke ukumbini kabla ya kuandika jina lake kama alivyoitwa na mama yake.